Himaya za Panya: shajara ya mradi wa klabu yetu ya sayansi

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mradi huu umetokana na swali nililoshindwa kulijibu. Februari nilikuwa nafundisha mfumo wa neva kidato cha tatu, nikasema kwa kujiamini kwamba ubongo wa panya una ramani ya mahali alipo. Binti mmoja anayekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hiyo ramani imechorwa wapi? Na nani anaisoma?" Nikababaisha, kengele ikaniokoa. Tangu siku hiyo swali linanifuata hadi nyumbani.

Vitabu tunavyotumia darasani vinaishia kwenye ubongo mkubwa, ubongo mdogo na uti wa mgongo. Hipokampasi, ambako ndiko ziliko seli za ramani hiyo, hata haitajwi. Ni sehemu iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, moja kushoto na moja kulia. Mwanaanatomia wa Italia, Giulio Cesare Aranzi, ndiye aliyeifananisha na farasi wa baharini katika karne ya 16, na jina likaganda. Hapa Tanga nusu ya wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi, kwa hiyo umbo hilo sikuhitaji kulichora ubaoni.

Mpango ni huu. Hatutumii kompyuta. Tunaicheza hipokampasi kwa miili yetu. Uani tunachora mraba wa mita 6 kwa 6 kwa majivu na kuugawa vyumba 36. Mmoja ni panya, anatembea atakavyo. Wengine ni seli: kila seli ina chombo chake cha kupiga na ina eneo lake, na panya akiingia eneo hilo, seli inapiga. Darasani, mgongo ukiwa dirishani, anakaa msomaji. Haoni kitu. Anasikiliza tu, na kazi yake ni kusema panya yuko wapi.

Eneo la seli nilikuja na jina refu la kutafsiri. Kabla sijamaliza kulitamka wao wameshaliita himaya. Nimelikubali, ni zuri kuliko langu.

Kuna aliyeuliza kama panya wa kwenye utafiti ndio hawa panya buku wa Morogoro, wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini. Hapana, hao wa maabara ni wadogo sana wakisimama karibu na buku. Lakini buku naye ana hipokampasi, na bila shaka naye anajua shimo lake liko wapi.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio la kwanza. Seli tisa, himaya tisa za mita 2 kwa 2, hakuna zinazoingiliana. Vyombo: kopo la rangi, kayamba, chupa ya soda na kijiko, sufuria, filimbi, kengele ya baiskeli, ndoo, debe, na vifuu viwili vya nazi. Msomaji ni yule yule binti wa swali, ametaka mwenyewe. Ana karatasi yenye ramani ya uani na orodha ya vyombo, kila chombo na himaya yake. Panya akisimama, mshika saa anaita "Sasa!", seli inapiga, msomaji anaweka alama, na huku nje karani anaandika chumba halisi.

Mara 20, na mara zote 20 amepatia. Watoto wamepiga kelele hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mimi sikufurahi. Hakuna kitu hai kinachopatia mara 20 kati ya 20.

Nikamuuliza: "Ulikuwa unajuaje?"

"Rahisi tu mwalimu. Sauti ikitoka upande wa mwembe, panya yuko mwembeni. Ikitoka upande wa vyoo, yuko huko."

Orodha hakuigusa kabisa! Kosa ni langu: kila seli niliiketisha pembeni ya himaya yake, ili ione vizuri. Bila kujua nikawa nimetengeneza picha ya uani kwa kutumia watoto. Zipo sehemu za ubongo zinazofanya hivyo kweli. Kwenye gamba (tabaka la nje la ubongo) linalopokea hisia za ngozi, eneo la kidole kimoja limepakana na la kidole kinachofuata. Gamba la kuona nalo limepangwa kwa jirani. Hipokampasi haina mpangilio huo. Seli mbili zinazogusana zinaweza kuwa na himaya kwenye pembe mbili tofauti za chumba, na seli zilizo mbalimbali zikagawana himaya moja. Ukiitazama kwa hadubini utafute uani wetu mle ndani, hutauona.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya swali la Februari imejibiwa na makosa yangu mwenyewe: haijachorwa popote.

Kuanzia wiki ijayo seli zote zinakaa kwenye mstari mmoja chini ya dirisha la darasa, zimechanganywa kwa kura.

Jumatano, 14 Mei, usiku

Nimemaliza kusahihisha madaftari. Naandika ninayotaka wayasikie kabla ya Jumamosi.

Wazo la ramani kichwani ni la zamani kuliko seli zenyewe. Mwaka 1948 Edward Tolman, huko California, alidai kwamba panya waliozoea njia za kupindapinda hawakariri tu kona, wanajenga picha ya eneo zima. Ushahidi kutoka ndani ya ubongo ulikuja mwaka 1971, pale University College London, kwa John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky. Makala yao ilikuwa fupi. Walirekodi seli 76, na 8 tu ndizo zilizoonekana kujali panya yuko sehemu gani ya jukwaa. Nane! Nadhani mimi ningeziita sadfa tu nikaenda kunywa chai. O'Keefe aliendelea kuzifuata, na mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel, akigawana na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway, ambao tutafika kwao tukijaaliwa jua.

Jinsi wanavyofanya: nyaya nyembamba kuliko unywele hupandikizwa, kisha panya anaachwa aokote chembe za chakula kwenye boksi. Seli ikipiga, umeme wake mdogo hunaswa na waya. Kwenye maabara nyingi umeme huo hupelekwa kwenye spika, kwa hiyo mtafiti anakaa akisikia ukimya, ukimya, halafu tk, tk, tk-tk-tk-tk panya anapokatiza mahali fulani, halafu ukimya tena. Ndani ya himaya seli inaweza kufikia mapigo 10 au 20 kwa sekunde, na nje ya hapo karibu inyamaze. Makopo yetu basi si utani. Wao pia husikiliza.

Kitu kimoja nilikiacha kwenye jaribio la kwanza: ukigeugeu. Seli ile ile, panya yule yule akipita njia ile ile, leo inapiga sana, mara nyingine inapiga kidogo, mara nyingine inampita kimya kama haimjui. Jumamosi naleta dadu za ludo.

Jumamosi, 17 Mei

Siku bora kuliko zote hadi sasa.

Tumeanza na himaya tisa za zamani, lakini kila seli inarusha dadu kwanza: ikitoka 4, 5 au 6 inapiga, vinginevyo inanyamaza. Msomaji ameangamia. Karibu nusu ya safari "Sasa!" inaitwa na kupita, kimya kitupu, naye amekaa na kalamu hewani.

Awamu ya pili: seli 12, himaya za mita 3 kwa 3 zinazopandana, hivi kwamba karibu kila chumba kinadaiwa na seli mbili au tatu. Panya akiwa chumba cha katikati ya himaya yako, piga idadi iliyotoka kwenye dadu. Akiwa kwenye vyumba vya pembezoni mwa himaya, toa tatu kwanza. Isipobaki kitu, nyamaza. Kwa hiyo hakuna seli inayoaminika hata kidogo. Mwenye sufuria alipiga mara sita panya akiwa katikati yake, na panya aliporudi hapo hapo akapiga mara moja.

Msomaji amebuni njia yake, mimi sikumfundisha. Amechukua punje za mahindi. Kila pigo analosikia, anaweka punje moja katikati ya himaya ya aliyepiga. Kayamba nne, vifuu viwili, filimbi moja: punje saba mezani. Halafu anaweka kidole pale ambapo, kama karatasi ingekuwa sinia, sinia lingetulia bila kuinama. Hapo ndipo anapoweka alama.

Kati ya mara 20, mara 15 alama yake ilikuwa chumba sahihi au cha jirani yake. Na hiyo ni kwa seli ambazo moja moja ni waongo watupu.

Tukio la nyuki lazima niliandike. Mwenye debe alivamiwa na nyuki, akamfukuza kwa fimbo na fimbo ikagonga debe, pa! pa! pa!, wakati panya yuko upande wa pili kabisa wa uani. Nikajua tumeharibu. Nikakimbilia ndani, nikakuta punje tatu za debe ameziweka kando ya karatasi.

"Hizi vipi?"

"Debe alikuwa peke yake mwalimu. Angekuwa kweli huko, ndoo na chupa wangesema chochote. Wamenyamaza wote wawili. Nikajua debe ana lake."

Nimekaa kwenye dawati nikacheka peke yangu. Hesabu wanazotumia watafiti kukisia panya alipo kutokana na mapigo zinafanya hivyo hivyo: seli iliyonyamaza nayo ni ushahidi. Mwaka 1993, huko Arizona, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi kwa pamoja kati ya seli 73 na 148 za panya, wakaweza kufuatilia mwendo wake kwa kusoma mapigo tu. Sisi tulikuwa na 12 na nyuki mmoja.

Jumamosi, 24 Mei

Masika imetukumbuka. Mvua imeanza saa tatu asubuhi, majivu yote yameoshwa kuelekea kwenye mtaro. Tumehamia darasani, tumesukuma madawati ukutani, tumechora mraba mdogo kwa chaki.

Swali la kwanza kutoka kwa mwenye kayamba: "Himaya yangu inakuwa wapi humu?" Alidhani atapewa kona ile ile, kwa vipimo vidogo. Nimezichanganya upya kadi zote zinazosema himaya ya nani iko wapi, na watatu nimewaambia humu ndani hawana himaya, wakae kimya. Pamezuka mgomo wa kweli. Waliokuwa majirani uani sasa wako mbalimbali, na mwenye ndoo alikuwa ameshaizoea kona ya mwembe kama shamba la urithi.

Lakini ndivyo inavyokuwa. Robert Muller na John Kubie, Brooklyn, walionyesha mwaka 1987 kwamba panya akihamishiwa boksi la umbo jingine, seli hazibebi himaya zao kwenda nazo. Nyingine zinanyamaza, nyingine zilizokuwa kimya zinaamka, na zinazobaki zinapiga mahali ambapo hungeweza kupabashiri kwa kuangalia boksi la kwanza. Pia walibandika kadi nyeupe ukutani. Walipoizungusha kadi, himaya zilizunguka nayo. Ukimrudisha panya kwenye boksi la mwanzo, mpangilio wa mwanzo unarudi.

Kwa hilo la mwisho mwanafunzi mmoja amependekeza bahasha mbili, UANI na DARASANI, kadi za kila mahali zikae pake zisitupwe. Bahasha zimeshabandikwa kabatini.

Mvua haikuacha, tukaishia kuzungumza. Wameuliza: akiondolewa hipokampasi je? Nikawasimulia Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953 akiwa na miaka 27. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za mambo yaliyomtokea. Watafiti waliomfuata kwa miaka mingi walilazimika kujitambulisha upya kila mara. Mpaka anafariki mwaka 2008 alikuwa amewafundisha wanasayansi kuhusu kumbukumbu kuliko pengine mgonjwa mwingine yeyote.

Kijana mmoja, sauti chini, akasema bibi yake siku hizi anapotea akitoka dukani, na duka liko mtaa huo huo. Mimi si daktari na sikutaka kumpimia bibi ya mtu darasani. Nimemwambia tu kwamba ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu taratibu, huwahi kushambulia hipokampasi na gamba la jirani yake, na ndiyo sababu kupotea njia huweza kuwa miongoni mwa dalili za mapema. Kisha tukaongea wawili nje ya darasa kuhusu kumpeleka hospitali.

Walipotaja bodaboda nikawapa pia madereva teksi wa London, waliopimwa na Eleanor Maguire na wenzake mwaka 2000: sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Bodaboda wa hapa, kwa maoni ya darasa zima, wanaweza kuwashinda.

Jumamosi, 31 Mei

Jua limerudi. Leo ni seli za gridi, na nilikuwa naziogopa.

Mwaka 2005, huko Trondheim, kundi la akina Moser lilitangaza seli za ajabu kwenye gamba la entorinali, mlango wa kuingilia hipokampasi. Seli moja haina himaya moja. Inapiga hapa, na hapa, na hapa, na ukiunganisha vituo vyake unapata pembetatu zenye pande sawa zilizojaza sakafu yote, kama mzinga wa nyuki. Hakuna aliyeichora sakafuni. Panya amekuja nayo.

Tumepanga vizibo vya soda kwa kamba na watoto wawili, kama fundi anavyopima msingi. Kamba ya mita 1 kwa seli ya kwanza, mita 1.4 kwa ya pili, mita 2 kwa ya tatu. Hatua hizo sikuzitunga: gridi za panya zimepangwa kwa makundi ya ukubwa, na kutoka kundi moja hadi linalofuata umbali huongezeka karibu mara 1.4.

Seli moja ya gridi ilipopiga peke yake, msomaji aliinua mikono: "Huyu anasema yuko kila mahali." Kweli. Akachora vituo vya kila gridi kwenye nailoni ya kufunikia madaftari, sentimita 3 kwa kila mita, nailoni tatu. Panya tukamwambia asimame pale tu ambapo wote watatu wanapiga. Msomaji akazipanda nailoni zote tatu na kuziinua dirishani. Nukta zikatawanyika kila upande, isipokuwa mahali pamoja zilipokaa juu ya nyingine zikawa nyeusi ti, na pengine pa pili karibu na kona palipomtia shaka. Akachagua pale peusi. Amepatia.

(Ubongo wenyewe kila kundi lina seli nyingi zilizosogezwa kidogo kidogo, ili pasibaki pa kujificha. Sisi hatuna watoto wa kutosha wala vizibo.)

Gridi inaendelea kupiga hata gizani, kwa hiyo tukamfunga panya macho kwa leso, akahesabu hatua na kugeuka kwa amri. Ndivyo manahodha wa majahazi walivyokuwa wakikisia usiku bila nchi kavu kuonekana: mwendo, muda, uelekeo. Baada ya hatua 15 hivi panya wetu alikuwa amepotea kwa zaidi ya mita moja. Alipoigusa kamba ya mpaka, mara moja akajua alipo. Zipo seli za mpaka zinazopiga kandokando ya ukuta, na seli za mwelekeo wa kichwa, ambazo James Ranck alizieleza mwaka 1984. Ya mwelekeo tumempa kijana aliyekuja na dira ya babake.

Jumatano, 4 Juni

Ijumaa tunafunga shule, kwa hiyo kikao cha mwisho tumekibana baada ya vipindi.

Nilikuwa nadaiwa nusu ya pili ya swali: nani anaisoma? Nimekiri mbele yao kwamba msomaji ni uongo wa mchezo wetu. Ndani ya panya hakuna binti mwenye punje za mahindi. Mapigo yanapokelewa na seli nyingine, ambazo nazo hupiga, na mwisho wake mguu unakwenda kushoto au kulia. Hata neno ramani lina wabishi wake. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, panya walifundishwa kuipandisha sauti kwa usukani mdogo hadi ifike kiwango fulani, na baadhi ya seli hizi hizi zikawa na himaya ndani ya sauti, bila panya kwenda popote. Binti hakuonekana kuridhika na jibu langu. Hata mimi sijaridhika.

Tukatoa bahasha ya UANI tukacheza raundi ndefu: panya kutoka vyooni hadi mwembeni, njia ya kupinda. Alipofika nikatangaza mapumziko, mihogo ya kukaanga ikaletwa, panya akakaa chini ya mwembe akala. Seli nilikuwa nimezipa siri mapema. Nilipoinua kitambaa, zikapiga himaya za njia nzima moja baada ya nyingine, haraka haraka, kuanzia mwembeni kurudi nyuma. Hivyo ndivyo mtafiti David Foster na yule yule Matthew Wilson walivyoeleza mwaka 2006: panya akitulia mwisho wa njia, seli hurudia safari yake kinyumenyume, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Usingizini nako safari hurudiwa; hilo Wilson na McNaughton walilionyesha mwaka 1994.

Msomaji hakuambiwa kitu. Alisikia kayamba, chupa, ndoo, sufuria, debe, punje zikamshinda kasi, akaziacha akachora mstari moja kwa moja kwa kalamu. Akatoa kichwa dirishani huku amekunja uso.

"Mwalimu, mbona panya amekimbia kurudi vyooni? Tulikubaliana hakuna kukimbia!"

Panya, mdomo umejaa muhogo, akamtazama bila kujua ameshtakiwa kwa nini.